Usikate Majani Bado: Lili ya Wawili, Kutoka Tunguu Hadi Ua

Swali la haraka kwako wewe uliyewahi kuletewa maua Siku ya Wapendanao: yako wapi sasa hivi? Usijibu, tunajua. Yalikaa mezani wiki moja, pengine na nusu kama ulikuwa unakumbuka kubadilisha maji. Halafu yakainamisha shingo, maji yakaanza kunuka, na mwisho yakaishia kwenye pipa la taka pamoja na maganda ya ndizi. Mapenzi hayakuisha, ila maua yaliisha.

Sasa fikiria zawadi ya aina nyingine. Mpenzi wako anarudi jioni na mfuko wa karatasi. Unaufungua kwa hamu, unakuta vitu vitatu vyenye umbo la kitunguu, vina magamba magamba na vijimizizi vyenye udongo. Wengi wetu tungenuna hapo hapo. Hivi huyu yuko siriasi kweli?

Kabla hujanuna, subiri kidogo. Hayo ni matunguu ya lili. Yakipata matunzo yatatoa maua mwaka huu, na yakitunzwa vizuri zaidi yatatoa tena mwakani. Shada la dukani ni zawadi ya wiki moja. Tunguu ni zawadi inayowapa kazi ya kufanya pamoja, na ndiyo maana mwezi huu tumeamua kuwatoa sebuleni na kuwapeleka bustanini. Huna bustani? Usijali, roshani yenye vyungu viwili inatosha.

LILI NI IPI HASA?

Jina hili linawachanganya wengi. Yungiyungi ni lile ua la majini linaloelea bwawani. Lile jeupe lenye umbo la faneli, linalopendwa sana kwenye mashada ya maharusi, nalo watu huliita lili, lakini ni mmea wa ukoo mwingine kabisa. Lili tunayoizungumzia leo ina shina moja lililosimama wima, majani membamba kuanzia chini hadi juu, na maua makubwa yenye petali sita. Katikati ya kila ua kuna vijiti vyenye unga wa rangi ya chungwa au kahawia.

Kwa mtu anayeanza, zipo aina tatu za kujua. Ya kwanza ni lili nyeupe ndefu kama tarumbeta, ambayo asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani pamoja na Taiwan. Wamarekani wanaipenda sana wakati wa Pasaka. Ya pili ni lili za Kiasia: rangi zake ni kali, njano, chungwa na nyekundu, hazina harufu, na ndizo rahisi kuliko zote. Ya tatu ni zile zinazoitwa za Mashariki, kubwa, zenye harufu ya kujaza nyumba nzima. Maarufu kati ya hizi ni Stargazer, ile ya waridi yenye kingo nyeupe na madoa, iliyozalishwa California miaka ya 1970. Ilipewa jina hilo kwa sababu ua lake huangalia juu, kana kwamba linatazama nyota, wakati ndugu zake wengi wa zamani walikuwa wakiinamisha vichwa.

Kama wewe au mwenzako harufu kali huwapa kipandauso, anzeni na za Kiasia. Hakuna mapenzi yanayohitaji kuumwa kichwa.

KUCHAGUA TUNGUU

Tunguu la lili si kama kitunguu cha sokoni. Kitunguu kina ganda kavu la nje linalokilinda. Lili haina. Imejengwa kwa magamba manene yaliyopangana, yako wazi, na yanakauka haraka. Kwa hiyo ukinunua leo, usiliache juu ya kabati la jikoni mwezi mzima ukisubiri wikiendi nzuri.

Ukifika kitaluni, lishike tunguu mkononi. Zuri ni gumu na zito, magamba yamebana, na mizizi ya chini bado ipo. Likibonyea, likiwa na madoa ya ukungu, au likiwa jepesi kama boksi tupu la kiberiti, rudisha. Chagua makubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu tunguu kubwa hutoa maua mengi zaidi. Na usisahau swali muhimu kuliko yote: je, haya yameshapitishwa kwenye baridi?

KWANZA LIACHE LILALE

Hapa ndipo wengi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar wanapokwama. Lili nyingi zinatoka nchi zenye majira ya baridi. Mmea umezoea kulala miezi ya baridi, ukiamka ndipo unapanda shina na kuchanua. Usipoupa usingizi huo, unaweza kuota kwa kusuasua, au ukatoa majani matupu bila ua hata moja.

Walioko Njombe, Mbeya, Lushoto au Limuru wanasaidiwa na hali ya hewa ya kwao. Sisi wa pwani tuna friji. Matunguu mengi yanayoagizwa kutoka nje huwa yameshapozwa kabla ya kuuzwa, na hayo unapanda moja kwa moja. Kama hayajapozwa, fanya hivi. Chukua mfuko wa plastiki, utoboe matundu machache. Weka vumbi la mbao lililonyunyiziwa maji kidogo tu, liwe na unyevu lakini ukilikamua lisitoe tone. Funika matunguu humo na uweke sehemu ya chini ya friji kwa wiki 6 hadi 10. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 2 na 5 za Selisiasi. Usiweke kwenye friza, utayaua.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, yasikae jirani na matufaa wala ndizi mbivu. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoweza kuharibu chipukizi la ua likiwa bado ndani ya tunguu. Pili, andika kwa herufi kubwa juu ya mfuko: SI CHAKULA. Mwambie mwenzako, mwambie dada anayewasaidia kazi za nyumbani, mwambie na shemeji aliyekuja kusalimia. Tunguu kwenye friji linafanana mno na kitu cha kukaangia.

HESABU TAREHE KINYUMENYUME

Hii ndiyo sehemu tamu kwa wanaopenda kushtukiza. Lili za Kiasia huchukua kama wiki 10 hadi 12 kutoka kupandwa hadi kuchanua. Za Mashariki huchukua kama wiki 14 hadi 16. Penye joto mambo huenda haraka kidogo, penye baridi huchelewa.

Tuseme kumbukumbu ya ndoa yenu ni tarehe 10 Septemba. Kwa lili za Kiasia, rudi nyuma wiki 12, utapata katikati ya Juni. Hapo ndipo pa kupanda. Rudi nyuma wiki nyingine 8, utapata wiki ya mwisho ya Aprili. Hapo ndipo pa kuweka kwenye friji. Kwa lili za Mashariki, panda kabla ya Mei kuisha.

Kwa watu wa pwani mpango huu una faida nyingine. Matunguu yanalala frijini wakati masika inamwaga maji nje, na yanaota miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati hata Dar unaweza kulala bila feni. Lili iliyopandwa Januari Dar es Salaam, kwenye lile jua la saa nane mchana, itaungua kabla haijakufurahisha.

KUPANDA: SHIMO LA KUTOSHA, MAJI YASITUAME

Kitu kinachoua lili kuliko vyote ni maji yaliyotuama. Tunguu likikaa kwenye tope linaoza. Kwa hiyo chungu lazima kiwe na matundu chini, na udongo uwe unapitisha maji. Changanya udongo wa bustani sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga mnene wa mto sehemu moja. Ukiwa na ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, usijisumbue nao, pandeni kwenye vyungu.

Chungu chenye kina na upana wa sentimita 30 kinabeba matunguu matatu. Chimba kiasi kwamba juu ya tunguu kuwe na udongo wa sentimita 10 hadi 15. Wengi huona kina hicho kimezidi, lakini kuna sababu: lili nyingi hutoa mizizi ya pili kwenye shina lenyewe, juu ya tunguu, na mizizi hiyo inahitaji udongo wa kushika. Sehemu yenye mizizi iangalie chini, ncha iangalie juu. Ardhini, acha sentimita 20 hadi 30 kati ya tunguu na tunguu.

Kama mmechagua aina ndefu, chomekeni kijiti cha kuegemea siku hiyo hiyo ya kupanda. Ukisubiri hadi shina liiname ndipo uchomeke, unaweza kulitoboa tunguu bila kujua.

Halafu tafuteni mahali. Lili inapenda kichwa kiwe juani na miguu iwe kivulini. Jua la asubuhi linaifaa sana, lile la mchana wa pwani liizuie kwa ukuta au mmea mkubwa. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au majani ili mizizi ibaki na ubaridi.

NANI ATAMWAGILIA?

Hapa tuzungumze ukweli. Wote mnafanya kazi. Mmoja anatoka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa foleni, mwingine anarudi saa mbili usiku. Wiki ya kwanza kila mtu anamwagilia kwa shauku, na lili inazama. Wiki ya tatu kila mmoja anadhani mwenzake amemwagilia, na lili inakauka.

Gawaneni. Mmoja achukue maji, mwingine achukue mbolea na wadudu. Wa maji asimwagilie kwa mazoea, aingize kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, aache. Kukiwa kukavu, amwagilie asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani, kwa sababu majani yanayolala na maji huleta ukungu. Wa wadudu aangalie nyuma ya majani machanga kama kuna vidukari, vile vijidudu vidogo vinavyojikusanya na kufyonza utomvu, ambavyo pia hueneza magonjwa ya virusi. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha kuviosha. Mbolea iwe ile yenye potasiamu ya kutosha, kama wanayotumia wakulima wa nyanya wakati wa kuzaa. Mbolea ya kukuza majani ikizidi, utapata shina refu legelege lisilojiweza.

Na mmoja akisafiri kikazi, amkabidhi mwenzake zamu kwa maneno, si kwa kudhani. Ushauri huu unafaa hata kwa bili ya umeme.

SIKU YA UA

Vichwa vya maua vitavimba, vitabadilika rangi, na asubuhi moja kimoja kitafunguka. Hongereni! Lakini kabla ya kupiga picha, fanyeni jambo dogo: kwa karatasi laini, ng'oeni vile vifuko vya unga vilivyo kwenye ncha za vijiti vya katikati, kabla havijapasuka. Ule unga unatia doa ambalo ni balaa kwa shati jeupe la ofisini, na kwa gauni la bibi harusi ndiyo usiseme. Ukikugusa, usisugue wala usiweke maji. Kikung'ute kitambaa, halafu bandika na kubandua selotepu mpaka unga utoke.

Mkitaka kukata ua la mezani, msichukue zaidi ya theluthi moja ya shina. Majani yaliyobaki yana kazi kubwa mbele yao.

BAADA YA UA NDIPO PENYEWE

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Ua likishanyauka, kinabaki kijiti cha kijani chenye majani, hakina uzuri wowote, na kinachukua nafasi barazani. Mkono unawasha. Unataka ukate, uweke kitu kingine. Wengi wanakata hapo hapo, wanaacha kumwagilia, na mwakani wanalalamika kwamba waliuziwa matunguu mabovu.

Ukweli ni kwamba lile ua lilikula akiba ya tunguu. Kuota, kupanda shina, kufungua petali kubwa namna ile, vyote vimelipiwa na chakula kilichokuwa kimehifadhiwa chini. Majani sasa ndiyo yanayopika chakula kingine kwa mwanga wa jua na kukirudisha kwenye tunguu. Ukiyakata, tunguu linabaki na njaa. Litakufa, au mwakani litatoa vijani viwili na basi.

Kwa hiyo katia ua lililonyauka tu, ili mmea usipoteze nguvu kutengeneza mbegu. Shina na majani acha. Endelea kumwagilia na kutia mbolea kidogo, wiki 6, wiki 8, hata zaidi, mpaka majani yenyewe yageuke njano na kukauka. Hapo punguza maji, kisha kata shina usawa wa udongo. Kwenye maeneo ya baridi unaweza kuliacha tunguu ardhini. Pwani, lichimbue taratibu, lisafishe kwa mkono, na ulirudishe kwenye mfuko wake frijini. Tuseme wazi: kwenye joto letu tunguu linaweza kupungua mwaka hadi mwaka, lakini lililolishwa baada ya kuchanua linadumu zaidi kuliko lililotelekezwa.

Mmewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Vikao, michango, ukumbi, sare, keki, mpiga picha za video. Usiku mmoja wa kupendeza ajabu, na akiba yote imekwisha. Jumatatu yake watu wawili wanabaki na maisha ya kawaida: nani ananunua gesi, nani anamsubiri fundi bomba, nani anauliza "Siku yako ilikuwaje?" na kusikiliza jibu. Hayo hayapigwi picha. Lakini ndiyo majani. Sherehe inakula akiba, siku za kawaida ndizo zinazoirudisha. Wawili wanaodhani kazi imeisha ua likianguka watajikuta mwakani wanatazama chungu kitupu.

TAHADHARI: PAKA NA WATOTO

Kama mna paka, soma hapa mara mbili. Lili za kweli ni sumu kali kwa paka, kila sehemu: jani, petali, unga wake, hata maji ya chombo lilimokaa ua. Paka anaweza kulamba tu unga ulioangukia manyoya yake na figo zikashindwa kufanya kazi. Akigusa, usisubiri dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kwa nyumba yenye paka ushauri wetu ni mmoja: acheni lili kabisa, chagueni waridi.

Watoto wadogo nao wafundishwe kwamba maua ya chungu hayaliwi, na matunguu yakae wasipoyafikia.

FRIJI IMEJAA? KUNA NJIA NYINGINE

Wapo watakaosema, mambo ya friji siyawezi. Sawa. Kuna mimea miwili yenye matunguu inayostahimili joto letu bila kulazwa kwenye baridi. Wa kwanza ni amarili, asili yake Amerika ya Kusini, yenye maua makubwa mekundu kama spika za kizamani. Tofauti na lili, yenyewe hupandwa theluthi moja ya tunguu ikiwa nje ya udongo. Ikianza kuchipua, wiki 6 hadi 8 mara nyingi zinatosha kuona ua.

Wa pili ni wa kwetu: nyinyoro. Wasomaji wa Wimbo Ulio Bora wanalijua jina hili. Ni lile ua jekundu la mviringo, mpira mzima wa viua vidogo vingi, linalojitokeza ghafla ardhini mvua zikianza, kana kwamba kuna mtu amelichomeka usiku. Nyinyoro inahitaji kivuli kidogo, na wakati wa kiangazi ikilala usiimwagilie. Usiende kuichimbua porini, nunua kwa muuza miche. Yote mawili, amarili na nyinyoro, yana sumu yakiliwa, kwa hiyo tahadhari kwa watoto na mifugo ni ile ile. Na kanuni ya majani nayo ni ile ile.

MWISHO WA SIKU

Basi safari hii mpenzi wako akirudi na mfuko wa vitu vinavyofanana na vitunguu, usinune. Muulize ni lili za aina gani, toeni kalenda, mhesabu wiki pamoja. Kama ni wewe unayetaka kununua, nenda Jumamosi hii kwa wale kaka wanaouza miche pembeni ya barabara, ulizia, shika tunguu, likiwa gumu na zito chukua matatu. Andika SI CHAKULA. Na ua likishaanguka, weka mkasi chini. Majani bado yako kazini.